Kombe au Mtoto? Michezo katika Shule ya Kikristo



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka zahanati na kwenda kiwanjani. Wengi wetu tunasomesha watoto katika shule za Kanisa, na katika shule hizo watoto hucheza mpira wa miguu, mpira wa pete, wavu na riadha. Tunalipa ada, tunanunua raba, tunashangilia. Lakini ni wazazi wachache waliokwisha kujiuliza: shule ya Kikristo inatazamia nini inapompeleka mtoto wangu kiwanjani? Na mimi natazamia nini?

Fikirini jioni ya fainali. Shule yetu na shule jirani ziko sare, bao moja kwa moja, na zimebaki dakika kumi. Mshambuliaji wetu, kijana wa kidato cha pili, anaruka kupiga mpira kwa kichwa. Anagongana na beki, wote wanaanguka. Beki anainuka. Kijana wetu anabaki chini, macho yako wazi lakini hayamtazami mtu. Anamwagiwa maji kichwani, anasimama, anapepesuka hatua mbili. Mwalimu anamwuliza, “Vipi, unaweza?” Naye anajibu, “Naweza, Mwalimu.” Watu wanapiga vigelegele. Kijana anarudi kucheza.

Mambo ya namna hii wengi tumeyaona, na pengine tumeyapigia makofi. Leo tujifunze kwa nini kijana yule hakupaswa kurudi kiwanjani, na kwa nini jambo hili linahusu imani yetu pamoja na afya.

KWA NINI SHULE YA KANISA INA KIWANJA?

Mtume Paulo aliwafahamu wanariadha. Alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wakimbiaji wanaojinyima mambo mengi ili wapate taji linalonyauka (1Kor 9:24-27). Katika barua hiyohiyo aliwakumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19). Mafundisho haya mawili yaende pamoja. La kwanza linatufundisha nidhamu, jasho na uvumilivu. La pili linatuonya kwamba mwili huo tunaouzoeza si mali ya timu wala si mali ya shule.

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyewalea vijana maskini wa mji wa Turin, Italia, katika karne ya 19, aliuona uwanja wa michezo kuwa mahali pa malezi kama vile darasa na kanisa. Aliwataka walezi wakae na vijana wakati wa kucheza, maana hapo ndipo kijana huonyesha tabia yake bila kujificha. Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani alipenda mpira na kuteleza kwenye theluji, aliadhimisha Jubilei ya wanamichezo mjini Roma tarehe 29 Oktoba 2000. Na mwezi Juni 2018 Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu michezo. Hati hiyo inasifu mema ya michezo, na pia inawaonya wazazi na makocha wanaomgeuza mtoto kuwa chombo cha kujipatia ushindi.

Upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili hadi apumue kwa kasi. Hilo huimarisha moyo, mifupa na misuli, husaidia usingizi, hupunguza huzuni na humsaidia kuwa makini darasani. Angalieni vizuri: ushauri huo ni kwa kila mtoto. Haukutolewa kwa wale 11 wa timu ya shule peke yao.

Yesu alisema kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya Sabato (Mk 2:27). Kama siku takatifu yenyewe iko hivyo, je, mechi? Hiyo ndiyo kanuni ya somo letu: mchezo uko kwa ajili ya mtoto. Shule inayoshika kanuni hii hutambulikana siku mtoto anapoumia wakati mabao yako sare.

MTOTO AKIGONGWA KICHWANI

Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani yake. Si lazima damu itoke, wala si lazima mtoto azimie. Wengi waliopata mtikisiko wa ubongo hawakuzimia kabisa. Dalili zake ni hizi:

- kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kupepesuka;
- kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili;
- kuduwaa, kujibu polepole, kusahau yaliyotokea;
- kulia, kukasirika au kubadilika tabia bila sababu.

Mwulize maswali mepesi: Tunacheza na nani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani alifunga bao? Akikosea, atoke. Lakini hata akijibu yote sawasawa, kama ana dalili moja kati ya hizo, atoke vilevile, na asirudi kucheza siku ile. Usiishie kumwuliza kama anaweza. Mtoto anayependa timu yake atasema anaweza, tena ubongo uliotikisika haufai kutoa hukumu juu yake wenyewe.

Sababu ya ukali huu ni kwamba ubongo uliotikisika unahitaji muda wa kupona, na ubongo wa kijana huchukua muda mrefu kuliko wa mtu mzima. Akigongwa mara ya pili kabla hajapona, dalili zinaweza kudumu majuma au miezi na kumharibia masomo. Mara chache ubongo huvimba ghafla, na mtoto hufa.

Mpeleke hospitali mara moja akianza kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kushikwa na degedege, kusinzia isivyo kawaida au kutoamka vizuri, mkono au mguu kulegea, au majimaji na damu kutoka masikioni au puani. Kama anaumwa shingo, au hasikii miguu yake, asiinuliwe wala asikalishwe. Atulizwe palepale, kichwa na shingo visitikisike, mpaka waje wenye ujuzi.

Nyumbani apumzike siku moja au mbili. Si lazima afungiwe katika chumba chenye giza. Anaweza kutembea kidogo na kufanya kazi nyepesi, lakini apunguze simu na televisheni. Kisha arudi kwanza kwenye masomo. Michezo irudi hatua kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, mazoezi bila kugusana, na mwisho mechi, baada ya mganga kumruhusu. Dalili zikirudi, naye arudi nyuma hatua moja.

“LAKINI AKHWARI HAKUACHA!”

Hapa mzazi mmoja ataniuliza: je, hatuwafundishi watoto wetu uvumilivu? Mbona John Stephen Akhwari hakuacha?

Swali ni zuri. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliiwakilisha Tanzania katika mbio ndefu za marathoni kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, bandeji mguuni, akamaliza akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika. Mpaka leo dunia inamheshimu, nasi tuna haki ya kujivunia.

Lakini tusichukue mfano wake nusunusu. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Aliamua mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, wala hakusukumwa na mwalimu aliyetaka kombe. Tena alikuwa ameshakosa ushindi. Alimaliza kwa uaminifu kwa nchi iliyomtuma. Mtoto wa miaka 14 aliyegongwa kichwa hana uhuru huo. Anamwogopa mwalimu, anaona aibu mbele ya wenzake, hajui hatari yake. Kwa hiyo kazi ya kusema “basi” ni yetu sisi watu wazima. Tumfundishe mtoto uvumilivu katika kuamka mapema, katika mazoezi magumu, katika kukubali kushindwa bila matusi. Lakini kukaa nje wakati wenzake wanacheza nako ni uvumilivu, na mara nyingi ni mgumu zaidi.

MGUU, JUA NA MOYO

Kifundo kikiteguka, mtoto aache kucheza. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kitambaa cha maji baridi, kwa dakika 15 hivi, na rudia baada ya saa chache. Funga bandeji isiyokaza mno, inua mguu juu ya mto. Siku mbili za kwanza usimchue wala kumkanda kwa maji ya moto, maana uvimbe utaongezeka. Kama hawezi kupiga hatua nne, au mfupa umepinda, aende kupigwa picha. Asivutwe mguu na mtu asiye na ujuzi. Wanaocheza pekupeku wahakikishiwe chanjo ya pepopunda, na kila kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni.

Kuhusu jua, mazoezi magumu yafanyike asubuhi au jioni. Maji ya kunywa yawepo kiwanjani, na mtoto anywe mafunda kadhaa kila baada ya dakika 20 hivi. Kumnyima maji ili awe mkakamavu ni kosa na ni hatari. Mtoto akianza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa au kuanguka kwa sababu ya joto, apelekwe kivulini, avuliwe jezi, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe huku akitafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kwa nguvu. Na hakuna mtoto wa kupelekwa mechi akiwa na njaa. Ale saa mbili au tatu kabla, hata kama ni uji mzito na viazi.

Juu ya moyo, wengi tunamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 Juni 2003 alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, bila kuguswa na mtu, akafa akiwa na miaka 28. Alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo. Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka hivyohivyo na moyo wake ukasimama. Yeye aliokolewa, kwa sababu wenzake na waganga walianza kumhudumia papo hapo, wakamkandamiza kifua na kuushtua moyo kwa mashine.

Mtoto akianguka bila kugongwa, haitikii, wala hapumui sawasawa, usimmwagie maji na kungoja. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada. Kila mwalimu wa michezo anapaswa kujua jambo hili.

Mtoto anayezimia au kuumwa kifua wakati wa kukimbia, au aliye na ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwanza. Vilevile msidharau mafindofindo. Maumivu ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo, na ugonjwa huo bado unawapata watoto wengi wa Afrika.

WATOTO WANAOHITAJI UANGALIZI

Mwenye selimundu anaweza kucheza, lakini kwa kiasi. Anywe maji mara kwa mara, apumzike kila akitaka, asikimbizwe mpaka achoke kabisa, asikae na nguo zilizolowa kwenye baridi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta pembeni mwa uwanja, siyo bwenini ndani ya sanduku. Mwenye kifafa asiogelee peke yake. Wazazi, msifiche magonjwa haya kwa aibu. Mwandikieni mwalimu mkuu na matroni.

Wasichana wanahitaji taulo za kike, mahali pa kubadili nguo pasipo wazi na chakula chenye madini ya chuma kama maharage, mboga za majani, dagaa na nyama, maana upungufu wa damu huwapunguzia pumzi. Msichana anayefanya mazoezi mengi na ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi mitatu amwone mganga.

Tena tuseme wazi jambo ambalo zamani lilinyamaziwa. Mwalimu asibaki na mtoto peke yake chumbani, asimchue mahali pa siri, asisafiri na timu ya wasichana bila mlezi wa kike. Mtoto akisema ameguswa isivyo halali, msikilizeni, msimkemee. Toeni taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Hapa Tanzania kuna pia namba 116 ya simu ya kusaidia watoto. Heshima ya shule hailindwi kwa kumtoa mtoto sadaka.

UONGO NA HIRIZI

Shule nyingine huchezesha mamluki, vijana ambao si wanafunzi wake, au hupunguza umri wa wachezaji kwenye fomu. Huo ni uongo, na watoto wanajua kabisa kwamba mwalimu wao wa dini amenyamaza. Ni hatari pia kwa afya, maana kijana wa miaka 19 akimgonga mtoto wa miaka 14, uzito haulingani.

Wengine hupeleka timu kwa mganga wa kienyeji kabla ya mashindano. Mbali na kwamba ni kinyume cha amri ya kwanza, wachezaji wakichanjwa kwa wembe mmoja wanaweza kuambukizana UKIMWI na homa ya ini. Timu ya shule ya Kikristo isali kabla ya mechi, isiombe adui aumie, na iwaombee hata wapinzani.

Je, shule ya namna hii inaweza kushinda? Tazameni shule ya St Patrick's ya Iten, nchini Kenya. Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland, alifika hapo mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea ukocha. Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo, alipata medali ya dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyefundishwa na bruda huyo, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Bruda huyo aliwajua vijana darasani kabla ya kuwajua kwa saa ya kupimia mbio.

WAZAZI TUFANYE NINI?

Katika mkutano ujao wa wazazi, tuulize kwa upole lakini bila woga:

1. Nani kiwanjani anajua huduma ya kwanza, na sanduku la dawa liko wapi?
2. Je, kuna kanuni iliyoandikwa kwamba aliyegongwa kichwa harudi siku ile?
3. Kuna maji ya kunywa na usafiri wa dharura?
4. Wasiochaguliwa katika timu wanacheza lini?
5. Nani anasafiri na watoto wetu?

Nasi tujichunguze. Mzazi anayemtukana refa mbele ya mtoto anafundisha somo ambalo shule haitaweza kulifuta. Na mtoto akirudi nyumbani baada ya mechi, tusianze na “Mmeshinda?” Tuanze na “Umeumia popote, mwanangu?” Halafu ndipo tuulize mabao.

Turudi kwa kijana wetu wa fainali. Mwalimu angemtoa, huenda timu ingefungwa. Kombe lingekwenda kwa jirani, nao wangeimba njia nzima. Lakini mchungaji mwema aliwaacha kondoo 99 akamfuata mmoja (Lk 15:4). Shule inayomtoa mtoto mmoja ili apone, ikakubali kufungwa, imefundisha dini siku hiyo, na watoto wote waliokuwa pembeni wameona.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Je, umewahi kumsukuma mtoto acheze akiwa anaumwa? Kwa nini?
2. Katika jumuiya yetu, nani anaweza kutufundisha huduma ya kwanza?
3. Watoto wasio hodari katika michezo wanajisikiaje shuleni kwetu? Tuwaulize wenyewe.

Mungu awalinde watoto wetu, darasani na kiwanjani.